Shajara ya poka mtandaoni: dola 100 na ile nafasi ya nne

Ninaandika shajara hii kwa anayetaka kujifunza mashindano ya poka mtandaoni kwa mtaji mdogo, aone njia niliyopita pamoja na mashimo yake. Nazungumzia Texas Hold'em, ambapo kila mtu hupewa karata mbili za siri na tano za wote hufunguliwa mezani, si ile poka yetu ya shuleni ambayo ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi". Kila shilingi iliyotoka na kuingia iko humu. Nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika.

Maneno nitakayotumia ni haya: ree, kingi, kwini na jeki ni zile karata kubwa nne kwa mpangilio huo. Blaindi ni madau ya lazima ambayo watu wawili huweka kabla ya karata kugawanywa, ndogo na kubwa. Kitita ni chipu zilizoko katikati ya meza, na fungu ni chipu alizonazo mtu mbele yake. Mkono ni karata mbili anazopewa mtu, na pia mzunguko mzima wa kuzicheza. Kusukuma ni kuweka chipu zako zote, kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kutupa ni kuziacha karata zako.

5 Januari 2025: Mtaji na masharti

Nimeweka dola 100. Kwa ubadilishaji na ada za kutuma zilinigharimu sh 13,400 za Kenya. Ni pesa ambayo zikipotea zote, karo italipwa na unga utanunuliwa. Mke wangu anajua kiasi hicho na anajua kwamba hakitaongezwa. Bila makubaliano hayo nisingeanza.

Kanuni ya mtaji nimeichukua kwa Mmarekani Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza mtandaoni bila senti moja, akicheza mashindano ya bure, na mwaka 2007 akafikisha dola 10,000. Siri yake ilikuwa ukali juu ya nafsi yake: katika mashindano ya meza nyingi hakuweka zaidi ya asilimia 2 ya mtaji, ukiacha yale ya dola moja. Mimi nimechagua mashindano ya dola 1.10, yaani dola moja ya zawadi na senti 10 za ada ya waandaaji.

Hesabu za msingi nilizikariri kwa wiki moja, hazina maelezo mengi: ukiwa na jozi, utapata ya tatu kwenye karata tatu za kwanza mara moja katika kila 8 na nusu, ukiwa na nne za rangi moja (kopa zote, kwa mfano) na karata mbili bado hazijafunguliwa, ya tano huja mara 35 katika 100, ikibaki karata moja, mara 20.

26 Januari 2025: Mashindano 40, mtaji umeliwa theluthi

Nilivutwa na mashindano makubwa, yale ya watu elfu na zaidi. Kila anayeanza ana picha ya Chris Moneymaker, yule mhasibu aliyepata tiketi kwa shindano dogo la mtandaoni, akaenda Las Vegas mwaka 2003 akarudi na dola milioni 2.5. Nami nilikuwa na picha hiyo kichwani.

Nimeingia mara 40, nikalipa dola 44. Nimefika kwenye zawadi mara 5, jumla dola 11.90. Mtaji sasa ni dola 67.90.

Kosa la kwanza ni aina ya mashindano. Zawadi nono ziko kwa watu watatu wa mwisho katika elfu, kwa hiyo hata mchezaji mzuri anaweza kukaa mamia ya mashindano bila kuzionja. Mtaji wangu hauwezi kusubiri hivyo. Zaidi ya hapo, sikuwa najifunza mwisho wa shindano, kwa sababu karibu kila mara nilitolewa mapema. Huwezi kujifunza kutia nanga kama jahazi lako linazama kila siku katikati ya bahari.

Kosa la pili nililiona nilipopitia kumbukumbu za mikono. Katika kila mikono 100 nilikuwa nimeingiza chipu kwa hiari yangu mara 38. Kwenye meza ya watu tisa hiyo ni tamaa. Nilikuwa nikicheza kingi na nne kwa sababu tu zina rangi moja, kwini na saba kwa sababu nimechoka kungoja. Na mara nyingi nilikuwa wa kwanza kuamua, huku watu sita nyuma yangu wakiwa bado hawajasema kitu.

Marekebisho: kuanzia Februari nacheza shindano la meza moja tu, watu tisa, zawadi kwa watatu wa kwanza. Jumla ya zawadi ni dola 9: wa kwanza dola 4.50, wa pili 2.70, wa tatu 1.80. Mchezo huisha ndani ya dakika 50 hivi na unafika mwisho mara nyingi, na mwisho ndio ninaotaka kuusoma.

9 Februari 2025: Stima

Tulibaki watano na mimi nilikuwa na fungu la pili kwa ukubwa. Stima ikapotea mtaa mzima. Kompyuta ina betri, lakini ruta ikazima. Nilihangaika na bando la simu, neno la siri likakataa mara mbili, na niliporudi mezani dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Mashine hutupa karata za asiyekuwepo na kuendelea kumtoza blaindi. Nilikuta chipu 400 kati ya 3,900.

Nimenunua betri ndogo ya kushikilia ruta, sh 3,200. Inadumu saa tatu. Kabla ya kila mchezo simu iko mezani, bando limewashwa, na neno la siri nimelijaribu. Kwa anayeishi mahali ambapo stima hupotea, anunue kifaa hiki kabla hajalipia hata shindano moja.

2 Machi 2025: Michezo 60 na swali la shemeji

Nimeshinda mara 6, wa pili mara 7, wa tatu mara 8. Nimelipa dola 66, nimepokea 60.30. Hasara ni dola 5.70, na mtaji ni 62.20. Mikono ninayoingia imeshuka hadi 17 katika 100, na hilo peke yake limenitoa kwenye kundi la wanaotolewa mwanzo.

Kwa michezo 60 nimelipa dola 6 za ada. Ukiziondoa, nimekuwa karibu sawasawa na wachezaji wa kawaida, na ada ndiyo iliyonila. Yaani kuwa sawa na wenzako hakutoshi. Lazima uwe bora kuliko wao kwa kiasi kinachoizidi ada, la sivyo unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Nilimwonyesha daftari shemeji yangu, mwalimu wa hesabu. Hajui poka, lakini anajua kusoma jedwali. Akapitisha kidole kwenye safu ya nafasi, akarudi juu, akapitisha tena.

"Shemeji, hii nafasi ya nne mbona imejaa hivi?"

Nilihesabu. Mara 14. Katika michezo 60 na watu tisa, kwa bahati tupu mtu angekuwa wa nne mara 6 au 7. Mimi nilikuwa natolewa mlangoni kwa zawadi mara mbili ya inavyotarajiwa, na kwa wiki nne sikuwa nimeliona.

30 Machi 2025: Mkono mmoja, wiki tatu za kuuelewa

Mkono huu nauweka wote kwa sababu ndani yake ndimo nilimojifunza zaidi kuliko kwingine kote.

Tumebaki wanne, kila mmoja ana chipu kama 3,375 hivi. Anayeketi kiti cha mgawaji anasukuma zote katikati. Mimi nina ree na kwini. Mwezi uliopita nisingefikiri hata sekunde tatu: karata nzuri, nafuata. Nilifuata. Yeye alikuwa na jozi ya tisa. Hakuna ree wala kwini iliyoshuka, nikawa wa nne, bila kitu.

Nilimwambia shemeji kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwani mapambano kama yale ni karibu nusu kwa nusu, 45 kwa 55. Akaniuliza: "Ungeshinda, ungekuwa na pesa ngapi?" Nikasema mara mbili. Akasema hapana, ungekuwa na *chipu* mara mbili. Hapo ndipo tulipokaa mezani na karatasi.

Wanne wakiwa sawa, kila mmoja ana haki ya robo ya zile dola 9, yaani dola 2.25. Sasa wawili wapigane na mmoja atoke. Mshindi ana nusu ya chipu zote, wengine wawili wana robo kila mmoja. Hesabu wanayoiita ICM (Independent Chip Model, ya kugeuza chipu kuwa pesa) inasema nafasi ya mtu kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yake ya chipu: mwenye nusu, mara 50 katika 100. Kuwa wa pili inamwangukia mara 33, wa tatu mara 17. Zidisha kwa zawadi zake, ujumlishe: dola 3.45.

Basi nilikuwa nahatarisha dola 2.25 ili nifikie 3.45. Gawanya 2.25 kwa 3.45, utapata asilimia 65. Nilihitaji kushinda mara 65 katika 100 ili tu nisipate hasara, na nilikuwa na 45. Hata kama yule bwana angekuwa na kingi na jeki, ree na kwini zangu zingeshinda mara 60 na kitu, na bado zisingetosha. (Hesabu hii imeacha kando blaindi zilizoko kwenye kitita, ukiziingiza, asilimia inashuka kidogo, lakini picha haibadiliki.)

Na pesa iliyobaki ilikwenda wapi? Wale wawili waliotupa karata wakakaa kimya, kila mmoja alitoka dola 2.25 akafika karibu 2.78. Walipata senti 52 na nusu kwa kuwaangalia wengine wakipigana. Kwa wiki nne mimi ndiye niliyekuwa nikiwalipa watu hao.

Mpaka huo kabla ya zawadi nimeuita kizingiti. Sheria yangu mpya: kizingitini, kusukuma kunaruhusiwa, kufuata kunahitaji ushahidi. Anayesukuma ana njia mbili za kupata kitita, wenzake watupe au karata zake zishinde. Anayefuata ana moja tu. Na kwa kuwa wengine nao wanaogopa kuwa wa nne, mkwara kizingitini una nguvu kuliko wakati mwingine wowote, mradi humpigii asiyejua kuogopa.

Angalizo moja: hesabu hizi nazifanya baada ya mchezo, kamwe si wakati wa mchezo. Programu za kukuambia ucheze nini karata zikiwa mezani zimekatazwa na waandaaji, na mimi nakubaliana nao kabisa.

4 Mei 2025: Michezo 80

Wa kwanza mara 12, wa pili 11, wa tatu 12. Wa nne mara 7 tu. Nimelipa dola 88, nimepokea 105.30. Faida ni 17.30 na mtaji ni 79.50.

Nilifurahi mno, kisha shemeji akanikalisha chini. Kwa zawadi za aina hii, mchezaji ambaye ujuzi wake unatosha kulipa ada tu, baada ya michezo 80, anaweza kujikuta dola 14 juu au dola 14 chini bila ajabu yoyote. Faida yangu imezidi hapo kidogo tu. Kilichobadilika kwa hakika ni nafasi ya nne, kwa sababu huko najua nilichofanya tofauti. Hizo dola 17 bado siwezi kuziita ujuzi.

11 Mei 2025: Usiku niliopoteza dola 22

Nilipewa ree mbili. Mpinzani akaweka zote, nikafuata kwa mikono miwili, akafunua kingi mbili. Hiyo ndiyo hali bora kabisa unayoweza kuomba: unashinda mara 82 katika 100. Karata ya tano ikawa kingi.

Mori ukanipanda. Ilikuwa saa sita kasoro usiku. Nikafungua mashindano ya dola 5.50 ili nirudishe haraka, mawili kwa mpigo, kisha mengine mawili. Yote manne nilitolewa kabla ya nafasi ya tano. Katika moja nilisukuma zote nikiwa na tano na nne, mkono wa kwanza, na ninakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nikimwadhibu mtu ambaye hata hakuwa kwenye meza ile.

Dola 22, yaani faida yote ya Aprili na zaidi. Mtaji: 57.50. Nimeandika kiasi hicho kwa kalamu nyekundu ukurasa mzima.

Siku mbili sikucheza. Nilipopitia kumbukumbu niligundua kwamba ule mkono wa ree mbili haukuwa na kosa lolote. Ningeucheza vilevile kesho. Hasara yake ilikuwa dola 1.10, nayo iko kwenye hesabu ya meza za watu tisa, si kwenye hizi 22. Zile nyingine zote nilijitakia.

Marekebisho: nimeweka kikomo kwenye akaunti yenyewe, ile sehemu ya mipangilio inayokuzuia kuingia mashindano ya juu, na kukiondoa kunachukua muda, si kubofya mara moja. Naacha kucheza saa nne na nusu usiku. Nikitolewa mara tatu mfululizo, kompyuta inafungwa hata kama ni saa moja jioni. Nimemwambia pia mke wangu kilichotokea, kabla hajaniuliza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na ndilo lililonisaidia zaidi.

Anayesoma hapa na anaona usiku kama huo unamtokea kila wiki, namsihi aache. Asifuate shajara hii. Azungumze na mtu wa nyumbani kwake leo.

15 Juni 2025: Kadi 169 za manila

Tatizo jipya: fungu likishuka chini ya blaindi kubwa kumi, nilikuwa nangoja karata nzuri hadi nikabaki na tatu. Ukifika hapo, hata ukisukuma hakuna anayekuogopa.

Chukua mfano. Uko kwenye blaindi ndogo, fungu lako ni blaindi kubwa nane, wengine wote wametupa, amebaki mmoja tu. Ukisukuma, unahatarisha saba na nusu ili upate moja na nusu. Akitupa mara 83 katika 100, unapata faida hata karata zako zikiwa takataka. Kwa kawaida hatupi mara nyingi hivyo, lakini akitupa mara 60 na wewe una karata zenye uwezo kidogo, kusukuma tayari ni bora kuliko kungoja. Kwa kungoja kila mzunguko unakatwa blaindi moja na nusu, na wanaokukata hawasubiri upate ree.

Ukiondoa tofauti ya rangi, kuna mikono 169 ya kuanzia: jozi 13, za rangi moja 78, za rangi tofauti 78. Nilinunua manila nne, sh 240, nikazikata kadi 169. Mbele nimeandika mkono, nyuma idadi ya blaindi ambayo chini yake unausukuma ukiwa kwenye blaindi ndogo. Kila asubuhi dakika ishirini kabla ya kazi. Mwanangu wa darasa la tano ananiuliza maswali na kushika kadi nilizokosa. Wiki ya kwanza alishika 71, wiki ya nne 9.

Kosa nililofanya hapa ni hili: majedwali niliyonakili yalihesabu chipu tupu, bila kujali zawadi. Nikayatumia kizingitini kama yalivyo, nikasukuma kwini na tano dhidi ya mwenye fungu kubwa huku jirani yangu amebaki na blaindi moja. Nikafuatwa, nikawa wa nne, jirani akalipwa. Yale yale ya Machi yakirudi kwa mlango mwingine. Sasa kila kadi ina namba mbili nyuma: ya buluu kwa siku zote, ya nyekundu kwa kizingitini, na nyekundu ni ndogo.

24 Agosti 2025: Michezo 100, na gharama yote

Wa kwanza mara 14, wa pili 13, wa tatu 15, wa nne 11. Nimelipa 110, nimepokea 125.10. Faida 15.10, mtaji 72.60.

Kwa meza za watu tisa peke yake nimecheza mara 240, nikalipa dola 264 na kupokea 290.70. Faida 26.70. Lakini ukirudisha mashindano makubwa ya Januari na usiku wa Mei, bado niko chini kwa dola 27.40. Upande wa shilingi, zilitoka 16,840 pamoja na betri na manila; kilichobaki kina thamani ya kama sh 9,365. Kujifunza kumenigharimu sh 7,475.

Michezo 240 ni takriban saa 200. Gawanya ile faida ya 26.70: senti 13 kwa saa. Naandika hivi kwa sababu vijana wawili wa mtaani wameniuliza kama waache kazi ya bodaboda. Niliwaonyesha daftari hili.

12 Oktoba 2025: Michezo 30

Wa kwanza 4, wa pili 4, wa tatu 4, wa nne 3. Nimelipa 33, nimepokea 36. Sina la kuongeza isipokuwa mchezo wa jana.

Tumebaki wanne, blaindi 150 na 300. Mwenye fungu kubwa, chipu 6,200, anasukuma akiwa wa kwanza kuamua. Wa pili anatupa. Mimi niko blaindi ndogo na 2,750, nina ree na jeki. Nyuma yangu, blaindi kubwa, kuna mtu aliyekuwa na 350. Ameshatoa 300, amebaki na 50. Akifa yeye, mimi nimelipwa. Vidole vilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuata. Nikatupa.

Yule wa 50 akaweka zake. Alikuwa na saba na mbili, dhidi ya jozi ya kumi. Ikashuka saba, ikashuka mbili. Akapona, na mkono uliofuata akapona tena.

Mikono kadhaa baadaye nilikuwa na 1,250 kwenye blaindi ndogo. Kingi na tisa. Kadi ya manila inasema sukuma, hata ile namba nyekundu. Nikasukuma, nikafuatwa na ree na sita, nikatoka. Wa nne.

Usiku ule ule nilimtumia shemeji mikono yote miwili. Alijibu asubuhi: ameipiga hesabu, hana la kubadilisha. Nimeiandika daftarini hivi: ree na jeki, kutupa, sahihi. Kingi na tisa, kusukuma, sahihi. Nafasi, ya nne. Mtaji, dola 75.60.